Askari wa Kihindi katika mitaa ya Saigon

Kila Agosti 15 India husherehekea uhuru wake wa mwaka 1947, na siku chache baadaye, Septemba 2, Vietnam hukumbuka tangazo la Ho Chi Minh la mwaka 1945. Ndipo husikika tena maelezo yaliyozoeleka, kwamba Wahindi walishinda kwa subira na Wavietnam kwa bunduki, kana kwamba kila taifa lilizaliwa na njia yake. Maelezo hayo yanamsahau mkoloni. Mwaka 1930 Gandhi alitembea hadi Dandi kuvunja sheria ya chumvi. Alifungwa, lakini mwaka uliofuata aliachiwa akaketi meza moja na mwakilishi wa mfalme, Lord Irwin. Mwaka huohuo wa 1930 askari wa Kivietnam waliasi huko Yen Bai, na Wafaransa wakamkata kichwa Nguyen Thai Hoc, kiongozi wa chama kilichopanga maasi hayo. Kufikia 1937 chama cha Gandhi, Congress, kilikuwa kikiongoza serikali za majimbo. Wazalendo wa Vietnam hawakufunguliwa mlango wa namna hiyo.

Kisa cha Saigon kinalithibitisha hilo kuliko kingine chochote. Septemba 1945 Jenerali Douglas Gracey wa Uingereza aliingia mjini humo na Divisheni ya 20 ya India, kazi yake ikiwa kuwapokonya Wajapani silaha. Badala ya kuishia hapo, alitangaza sheria ya kijeshi, akayafungia magazeti ya Kivietnam, kisha akawapa silaha wanajeshi wa Kifaransa waliokuwa wafungwa wa Wajapani. Alfajiri ya Septemba 23 wakayateka majengo ya serikali. Wavietnam walipopambana, Gracey aliwatumia hata Wajapani aliotumwa kuwanyang'anya silaha. Watetezi wake husema alikuta mji umejaa vurugu na askari wake hawatoshi. Huenda ni kweli, lakini ulinzi wa raia haukuhitaji kumrudishia Mfaransa mamlaka. Nehru, kiongozi wa Congress, alipinga hadharani: vijana wa nchi inayodai uhuru walikuwa wakitumwa kuzima uhuru wa jirani.

Wapo watakaouliza: je, Waingereza hawakumwaga damu Amritsar mwaka 1919? Waliimwaga, na mwaka 1942 waliwafunga viongozi wa Congress kwa wingi. Tofauti haikuwa huruma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilielemewa na madeni, na uasi wa wanamaji wa Bombay, Februari 1946, ulionyesha kuwa jeshi lililoishikilia India halikuwa tena la kutegemewa. Ufaransa, iliyofedheheshwa na Wajerumani mwaka 1940, ilitafuta heshima yake katika makoloni, ikapigana hadi iliposhindwa Dien Bien Phu mwaka 1954. Hili halipunguzi ujasiri wa Gandhi. Linaonyesha tu kwamba njia ya amani huhitaji pia mtawala aliyelazimika kusikiliza. Na amani yenyewe ya India iliishia katika mgawanyo ulioua mamia ya maelfu. Kwa hiyo tusiwapime Wavietnam kwa kipimo cha Gandhi bila kwanza kuwauliza Wafaransa, na Waingereza waliowafungulia njia, kwa nini walichagua vita.