Maji ya mvua Bukavu: kutoka kanivo ya avenyu mpaka barrage ya Ruzizi, nani anachunga?

Mvua ikinyesha saa moja tu juu ya milima ya Kadutu, vitu vyote vilivyokuwa vimelala katika kanivo vinaanza safari: chupa, sashe, bulongo, mafuta ya moteri, na mara ingine maji ya choo. Vinashuka mpaka mutoni Kawa, vinaingia katika ziwa Kivu, na vile vinavyoelea vinavutwa mpaka pale maji ya ziwa yanatokea, ni kusema mutoni Ruzizi. Pale kuko barrage. Uchafu ukiziba barrage, umeme unapunguka katika nyumba za muji. Sheria za kuchunga maji ziko. Lakini kazi ya kufuatilia maji ya mvua imegawanyika kati ya mikono mingi, na ndipo shida inaanzia.

MUJI WA MILIMA, MAJI YA MBIO

Bukavu iko karibu metre 1.460 juu ya bahari, kandokando ya ziwa Kivu, na komine zake tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, zimejengwa juu ya milima mikali. Mvua inanyesha kuanzia mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5. Wakati muji ulipangwa kwa mara ya kwanza, katika siku za ukoloni, wakaaji walikuwa wachache sana kuliko leo. Milima ilikuwa na miti na majani, na mvua ilikuwa inaingia katika bulongo polepole.

Leo sehemu kubwa ya milima ile imefunikwa na mabati na simenti. Maji hayapati tena pa kuingia. Yanateremuka kwa mbio, yanachimba njia, yanabomoa kuta, na mara mingi yanabeba nyumba pamoja na watu. Kanivo ikiwa imejaa taka, maji yanaiacha na kupita kwenye barabara ao katika lupango la jirani. Kwa hiyo kuziba kwa kanivo si jambo la usafi peke yake. Ni jambo la uzima.

UCHAFU UNATOKA WAPI

Mutu akiona maji mekundu ziwani kisha mvua, anaweza kufikiri ni bulongo tu. Lakini maji yale yamepita pahali pengi:

– Masoko: majani ya mboga, sashe, matumbo ya samaki na ya nyama.
– Garaji na pahali pa kuosha magari: mafuta yaliyotumika, mazuti, sabuni.
– Pahali pa kujenga: wenye kuchimba mulima wanaacha bulongo pembeni ya njia, mvua inakuja kuibeba.
– Machinjio na viwanda vidogo: damu na maji machafu yasiyosafishwa.
– Nyumba za watu: taka za jikoni, na vyoo. Kuko watu wanaongojea mvua kubwa ndipo wanafungua shimo la choo ili maji yabebe.

Hilo la mwisho ndilo la hatari kupita yote. Eneo la maziwa, Kivu na Tanganyika, liko kati ya maeneo ya Congo ambako kipindupindu hakiishi kabisa. Nyumba ambayo haina robine inachota ziwani ao katika mutoni. Choo kilichofunguliwa juu ya mulima usiku kinaweza kuingia katika bido ya maji ya jamaa ingine asubuhi, chini ya mulima ule ule.

BARRAGE INAPOLIPA DENI

Ziwa Kivu lina mulango mumoja tu wa kutokea: Ruzizi, inayoanzia hapo Bukavu na kwenda mpaka ziwa Tanganyika. Barrage ya Ruzizi 1 inatumika tangu mwisho wa miaka ya 1950, na nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi 2 ilianza mwaka 1989, nguvu yake ni karibu megawati 44, na inasimamiwa na SINELAC kwa ajili ya inchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi.

Plastiki iliyotupwa kandokando ya ziwa, upande wa Congo na upande wa Rwanda, inafuata maji mpaka Ruzizi 1. Wafanyakazi wanaikusanya kila siku kwa mikono na kwa mitumbwi, na kuko vizuizi vinavyoelea juu ya maji. Hata hivyo, sehemu ya taka inazama na kuingia mpaka kwenye mitambo. Imekwisha kutokea kwamba mashine zinasimama juu ya taka hizo, na wakaaji wanabaki gizani. Mwenye saluni, mwenye kusaga muhogo, muganga mwenye friji ya chanjo, wote wanalipa bei ya chupa ambayo pengine hawakutupa.

SHERIA ZINASEMA NINI

Congo haikosi sheria juu ya jambo hili. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya kuishi pahali pazuri kwa afya yake, na pia ana lazima ya kupalinda.

Sheria ya 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011 ndiyo sheria mama ya mazingira. Inaweka kanuni kwamba mwenye kuchafua ndiye analipa. Inaomba mwenye muradi unaoweza kuharibu mazingira afanye kwanza uchunguzi wa matokeo yake. Kisha iko sheria ya 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, inayohusu maji: namna ya kuyatumia na namna ya kuyalinda. Juu ya plastiki, amri ya serkali ya 17/018 ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Kila mutu anayeenda soko anajua kama amri ile inafuatwa ao hapana.

Kwa upande wa utawala, sheria ya 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 inafanya muji na komine kuwa na uwezo wao wenyewe wa kuamua mambo ya eneo lao. Kartie na avenyu hazina uwezo huo, hata kama shefu wa avenyu ndiye mutu wa kwanza kuona choo kimefunguliwa.

MIKONO MINGI, KAMBA MOJA

Kanivo kubwa ziko chini ya OVD, ofisi ya barabara na mifereji. Uchunguzi wa miradi mikubwa uko chini ya ACE, shirika la mazingira la Congo. Mazingira, hygiène, mipango ya muji na viwanja, kila moja ina ofisi yake. Barrage iko ya SNEL. Wakaaji wanatoka salongo siku ya Jumamosi, wanatoa taka katika kanivo na kuziweka pembeni. Kama gari la kubeba halikuja, mvua ya Jumatatu inazirudisha mule mule.

Kila mumoja anashika kipande chake cha kamba. Mwenye kutoa ruhusa ya kujenga hajui kanivo ya chini imebomoka. Mwenye kutengeneza kanivo hajui garaji gani inamwaga mafuta ndani. Ndiyo maana, katika inchi zingine, kazi ya kuunganisha imepewa mutu na karatasi inayojulikana.

NAMNA WANAFANYA MAREKANI

Marekani ilipitisha sheria yake kubwa ya maji safi mwaka 1972. Mwanzoni ilishika hasa viwanda na mabomba ya maji machafu. Mwaka 1987 sheria ilibadilishwa ili maji ya mvua pia yahesabiwe. Tangu mwaka 1990, miji yenye wakaaji 100.000 na zaidi iliombwa kuwa na ruhusa ya kumwaga maji ya mvua katika mito na maziwa. Kuanzia mwaka 2003, miji midogo mingi iliingia vilevile.

Jambo la kushangaza ni kwamba anayeomba ruhusa ni serkali ya muji yenyewe. Ruhusa inadumu miaka 5, kisha inafanywa upya. Ili kuishika, muji mudogo unaahidi mambo sita: kufundisha wakaaji, kuwashirikisha, kutafuta na kufunga mabomba ya siri yanayoingia katika kanivo, kuchunga pahali pa kujenga, kuhakikisha kwamba majengo yaliyokwisha yanapunguza mbio za maji, na kusafisha kazi za muji wenyewe, kama garaji na depo zake. Kila ripoti inaonyesha kilichofanywa, na muji ukikosa, unaweza kupewa amande. Raiya pia anaweza kuushitaki mbele ya tribinali.

Makuta ya Marekani si ya Bukavu. Lakini wazo lenyewe halihitaji makuta mengi: muji unaandika ahadi zake, mutu mumoja anazifuatilia, na watu wanaweza kuuliza.

KOMINE INAWEZA KUANZIA WAPI

Kwanza ni ramani. Vijana wa kila kartie wakitembea na simu, wanaweza kuandika kila kanivo: inaanzia wapi, inaishia wapi, wapi imeziba, wapi imebomoka. Pili ni orodha ya pahali pa kuchunguzwa: masoko, garaji, machinjio, vituo vya afya, pahali pa kujenga. Tatu ni kalenda. Kanivo zinafunguliwa katika mwezi wa 7 na wa 8, wakati wa jua, si wakati maji yamekwisha kufika mulangoni. Gari la taka linapangwa siku moja na salongo.

Nne ni uchunguzi wenye utaratibu, na hapa ndipo watu wanaogopa. Mara mingi neno "kontrole" linaleta mawazo ya tracasserie: mutu anafika, anaomba amande, anaweka mufukoni. Mupango wa kweli unafanya kinyume. Muchunguzi anakuja na karatasi ya komine, anaandika alichoona, anaacha kopi, anatoa siku za kutengeneza, kisha anarudi. Amande inakuja nyuma, na inalipwa katika konti ya serkali kwa karatasi ya malipo, hailipwi mukononi. Mwenye garaji aliyeweka pipa la mafuta ya zamani anapaswa kuona kwamba jirani yake asiyeweka anaulizwa pia.

Tano ni ripoti. Bourgmestre akitangaza kila miezi mitatu kanivo ngapi zimefunguliwa na pahali ngapi pamechunguzwa, wakaaji wanapata kitu cha kulinganisha na wanachokiona kwenye avenyu yao.

Mukaaji naye ana sehemu yake. Bulongo ya kujenga inafunikwa ao inazungushiwa mawe. Maji ya mabati yanapokelewa katika pipa, na yanafaa kufua. Choo kikijaa, kinatolewa na wenye kazi hiyo, hakifunguliwi usiku wa mvua. Na mwenye kuona kanivo imeziba anaijulisha kwa shefu wa avenyu mapema, huku akiandika tarehe. Kama mvua imebeba ukuta, tarehe ile itaonyesha nani alijulishwa, na siku gani.