Sumu inayopanda ngazi: historia ya DDT na somo kwa mkulima wa Karatu

Ndugu mkulima, sisi tunaolima jirani na Hifadhi ya Ngorongoro tunapakana na fisi, tai, chui na simba. Kabla hujafungua chupa ya dawa, soma historia hii.

Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Mswisi Paul Müller, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilipendwa kwa sababu ni rahisi na hudumu muda mrefu. Huko kudumu ndiko kulikoleta balaa.

DDT hukaa kwenye mafuta ya mwili. Samaki hula wadudu wengi, ndege hula samaki wengi, na kila ngazi sumu huongezeka. Ziwa Kariba, Zimbabwe, ambako DDT ilipulizwa kuua mbung'o, maganda ya mayai ya tai mla samaki yalikuwa membamba. Hata Aktiki, kusikolimwa chochote, sumu za aina hii hufika kwa upepo na maji ya bahari. Dubu weupe huzipata kwa kula sili, kisha mama humpitishia mtoto kwenye maziwa. Watafiti wamezihusisha na kudhoofika kwa kinga na kuvurugika kwa homoni.

Hapa nchini, mwaka 1986, shamba la serikali la nyasi za mifugo la Vikuge, Kibaha, lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimepitwa na muda. Ghala lilibomoka, sumu ikaingia ardhini. Miaka mingi baadaye, DDT bado ilipatikana kwenye udongo.

Mwaka 2004 Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, unaoruhusu DDT kwa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa tu, kama mbu wa malaria.

Simba yuko ngazi ya juu. Wewe unayekunywa maziwa na kula nyama pia uko huko. Kwa hiyo:

1. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa, na soma tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Usioshee bomba la kupulizia mtoni wala kwenye mfereji. Maji ya Mang'ola yananywesha watu na mifugo, si vitunguu tu.
3. Chupa tupu ya dawa isiwekwe maziwa wala mafuta ya kula.
4. Dawa ya zamani uliyoikuta stoo usiichome wala kuifukia. Mwone afisa ugani wa kata, au TPHPA, Arusha.