Malungu: jembe la Ufipa lilivyokufa

Ukiingia duka la vifaa vya kilimo Kaengesa, mkoani Rukwa, majembe utayakuta yamerundikwa karibu na mlango, hayajatiwa mipini, mengi yametoka China au India. Muulize mwenye duka kama analo lililofuliwa huku huku Ufipa, atadhani unamtania. Mkulima wa uwanda huu, ambaye mahindi yake hujaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ananunua chuma kilichovuka bahari ili alimie ardhi yenye chuma tumboni mwake.

Mababu zake hawakununua. Waliuza.

Ushahidi upo mashambani. Kutoka Nkasi hadi upande wa kusini uliokuwa ufalme wa Lyangalile, bado yapo mabaki ya matanuri marefu ya udongo, mengine yamesimama kumpita mtu kimo, mengine yamebaki kisiki tu. Wafipa huliita tanuri la namna hii ilungu, yakiwa mengi ni malungu. Mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni kichuguu, na hajakosea sana. Mafundi walipenda kujenga penye kichuguu, wakachimba udongo wa mchwa, wakauponda, wakaupandisha tabaka juu ya tabaka mpaka ukafika kama mita 3, chini mpana, juu mwembamba. Kuzunguka kitako waliacha matundu, kama 10 hivi, na kila tundu wakalitia mabomba ya udongo ya kuvutia hewa.

Nasema kuvutia, maana ufundi wenyewe ulikuwa hapo. Kwingi katika Afrika Mashariki myeyusha chuma hakuwa na la kufanya bila vijana wa kupuliza mivukuto saa zote. Ilungu halikuwataka. Urefu wake ulikuwa dohani: moto ukishashika, hewa ya moto hupanda, na ya baridi huingia yenyewe kwa chini, usiku na mchana, siku 3 hadi 4. Mkaa na mtapo vilimiminwa kwa juu, upepo wa uwandani ukamaliza kazi. Tanuri likipoa, ndani walikuta bonge la chuma kichafu lililogandamana na mavi ya chuma. Bonge lilivunjwa, likapelekwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, kulisafisha. Kilichotoka kintengwe ndicho alichopewa mhunzi atengeneze jembe, shoka, kisu au mkuki.

Wageni waliokuja na kalamu hawakuacha kulishangaa ilungu. Padri Wyckaert wa shirika la White Fathers aliwaandika wahunzi hawa mwaka 1914, R. C. H. Greig akafanya hivyo mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na baada ya uhuru akaja J. A. R. Wembah-Rashid. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, naye ameonyesha kwamba malungu hayakuwa mwanzo wa chuma huku. Mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika yalitangulia matanuri mafupi yaitwayo katukutu. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mambo ya kale yalikaa palepale mpaka Mzungu alipokuja kuyasukuma. Teknolojia moja ilikufa, nyingine ikashika nafasi yake, na jembe likaendelea kutoka Ufipa.

Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na waume wa tanuri, yaani wayeyushaji, walilala kambini mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa. Unaweza kucheka, lakini tazama dawa na miiko ilivyofanya kazi ya kibiashara pia: siri haikutoka nje, na kijana aliyetaka ufundi ilibidi akae chini ya mwenye kapu miaka. Huko Ulaya waliviita vyama vya mafundi. Ila nisiipake rangi ya dhahabu: mwanamke alifukuzwa penye tanuri, kisha akakabidhiwa jembe lake alimie.

Sasa hesabu midomo. Ilungu moja lilitaka wachimba mtapo, wakata miti na wachoma mkaa, wafinyanzi wa mabomba, wabebaji, wayeyushaji, wasafishaji wa kintengwe, mhunzi wa mwisho na mchuuzi. Nalo soko lilikuwa mlangoni. Mfipa analima matuta ya mviringo, ntumba, nyasi zikifukiwa ndani zioze ziwe mbolea, na kupindua udongo wenye nyasi kunataka jembe zito. Jembe lilikuwa pia mahari na fedha. Mwenye ilungu hakuwa mwene, mfalme, wala hakuwa mtu wa kutegemea mtama wake peke yake. Alikaa katikati: ana mbuzi, ana watu wa kumfanyia kazi, ana kauli barazani, na mwene mwenyewe anamhitaji. Masimulizi ya Ufipa yanaupeleka ufalme wa kwanza, wa Milansi, kwa watu wa chuma. Mhunzi hapa hakuwa mtu wa pembeni.

Kando ya chuma palikuwa na nguo. David Livingstone alipita mwambao wa Ufipa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kufa kwake, akakuta pamba inalimwa na wanaume wanafuma. Kitambaa chao kizito kiliitwa seketa. Joseph Thomson, msafiri mwingine, alipopita uwandani mwaka 1880 naye aliwakuta wafumaji. Nguo hiyo, majembe, nafaka na chumvi ya Ivuna ya bondeni Rukwa vilizunguka katika masoko ambayo hayakumsubiri mtu wa pwani.

Mtu wa pwani alikuja lakini, na alikuja na nguo yenye jina la nchi ya mbali. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, zikashusha vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, vigumu, vya bei nafuu. Waswahili wakaviita merikani. Katika miaka ya 1840 Salem wenyewe walianza kufuma kwa mashine za mvuke katika kiwanda cha Naumkeag, na soko la Zanzibar lilikuwa miongoni mwa yaliyowapa ulaji. Msichana aliyesimama mbele ya mashine kule Massachusetts na mfumaji wa seketa aliyeketi chini ya mti huku Ufipa walikuwa washindani, na hakuna kati yao aliyejua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwanyima wenye viwanda pamba, na Waingereza na Wahindi wakaingia kwenye pengo. Jina merikani likabaki kwa nguo hata zisizotoka huko. Kwa Wafipa tofauti ilikuwa ndogo. Nguo ya kiwanda ilikuwa ya kiwanda, iwe ya Salem, Manchester au Bombay.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba nguo ya kigeni ilitua asubuhi na mfumaji akafa jioni. Haikuwa hivyo. Merikani ilipanda vichwani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, Tabora, mpaka Ujiji, na kila hatua iliongeza bei. Umbali ulikuwa ukuta wa Wafipa. Seketa iliendelea kufumwa Ufipa muda mrefu baada ya merikani kuzoeleka Unyanyembe, kule Tabora, na jembe la ilungu halikutishwa kabisa, kwa sababu chuma ni kizito kuliko nguo na mpagazi ana shingo moja.

Ukuta ulibomolewa na reli. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Meli ambayo Wajerumani waliizindua ziwani mwaka 1915 kwa jina Graf von Götzen ilizamishwa vitani, Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina Liemba. Ikawa inashusha shehena Kirando, Kipili na Kasanga, milangoni mwa Ufipa. Jembe la kiwanda cha Ulaya halikuhitaji tena shingo ya mtu. Lilikuwa jepesi, lilikuwa laini, na lilipatikana dukani siku yoyote bila kungoja kiangazi wala kafara.

Jambo la pili lilikuwa kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Mwanzoni waliipokea hata kwa vitu, baadaye wakataka fedha taslimu, na Waingereza wakaendelea vivyo hivyo. Kazi ya ilungu ilitaka mikono mingi ya wanaume wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho kijana alitakiwa awe amekwenda kuitafuta fedha ya kodi. Wakaenda manamba mashamba ya mkonge Tanga, wakaenda dhahabu ya Lupa, wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Fundi mkuu akabaki na kapu lake bila mtu wa kumrithisha. Greig alipoandika mwaka 1937 kazi ilikuwa ikielekea ukingoni, na kizazi kilichofuata waliofufua malungu walikuwa watafiti waliowaomba wazee wawashe tena waone.

Wapo watakaosema hasara iko wapi, kama jembe la dukani lilikuwa nafuu? Kwa mkulima wa kawaida kweli palikuwa na faida, na mwanamke aliyepata jembe jepesi hakulia. Tena mkaa ulikuwa unakula miti, katika uwanda ambao leo unaweza kutupa macho mpaka yachoke bila kukutana na msitu. Hasara ilikuwa kwa wale wa katikati. Mfinyanzi wa mabomba, mchoma mkaa, msafishaji, mhunzi, mchuuzi, wote waliteremka wakawa jina moja: mkulima. Wakawa na mahindi ya kuuza au nguvu za kuuza, basi. Aliyekuwa akiuza kitu chenye akili yake ndani akawa muuza gunia, na bei ya gunia hupangwa na mwingine.

Nimekuwa nikisoma habari za Wamarekani na viwanda vyao, na nakiri kwamba nilianza nikiwa na kicheko kidogo moyoni. Kiwanda kile cha Naumkeag kilichotuletea merikani kilifungwa katika miaka ya 1950. Viwanda vya nguo vya kaskazini vilikuwa vimekwisha kukimbilia majimbo ya kusini kufuata ujira mdogo, na kutoka huko vikavuka bahari kwenda Asia. Chuma kikafuata. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube, jimbo la Ohio, ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell. Watu wapatao 5,000 wakakosa kazi, na mji ukaiita siku ile Jumatatu Nyeusi. Mwaka 1979 viwanda vya Marekani viliajiri watu zaidi ya milioni 19. Mwanzoni mwa 2010 walibaki kama milioni 11 na nusu. Wengine wanalaumu mashine, wengine mkataba wa NAFTA wa 1994, wengine China kuingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001.

Kicheko kiliisha niliposoma waliopoteza kazi ni nani. Ni mtu aliyeishia sekondari, akaingia kiwandani kwa mkono wa baba yake, akanunua nyumba na gari, akasomesha. Hakuwa tajiri, hakuwa hohehahe. Ni mwenye ilungu kabisa. Yeye naye aliambiwa bidhaa za dukani zimeshuka bei, ashukuru. Tofauti ni kwamba Youngstown waliandamana, wakaenda mahakamani, wakaandikiwa vitabu, na mpaka leo wanasiasa huzipigia magoti kura zao. Fundi wa Ufipa alizima tanuri akaenda Tanga.

Baada ya uhuru tulijaribu mara ya pili. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ikafuma Mwanza, UFI ya Ubungo ikatoa majembe na mapanga, na majirani zetu wa Mbeya wakapata kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK. Kwa mara ya kwanza tangu malungu, mtu wa Ufipa aliweza kununua jembe la kwao, au karibu na kwao. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikakauka, malighafi na vipuri vikakosekana. Miaka ya 1990 mipaka ya biashara ikafunguliwa, mitumba na majembe ya nje yakaingia, viwanda vikauzwa au kufungwa. Safari hii hapakuwa na umbali wa kutukinga. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo kila mtu wa huku anaishukuru, na mimi nikiwemo, ilijengwa kwa fedha za Wamarekani chini ya mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) wa mwaka 2008. Ndiyo inayoleta jembe la China.

Malungu yaliyobaki mengi yako katika mashamba ya watu. Mvua inayala, ng'ombe wanajikunia, na jembe la trekta halijui kichuguu na tanuri. Wewe uliye nalo shambani kwako, usilisawazishe ili upate tuta moja zaidi la mahindi. Acha hatua 5 pande zote, mwite mwenyekiti wa kijiji alione, na mpeleke mwalimu na wanafunzi wake wahesabu matundu kabla ya masika.