Galápagos: visiwa ambako mgeni hulala melini na mnyama hubaki na nchi yake

Msikilizaji, huenda umewahi kusikia habari za watalii wanaolipa maelfu ya dola ili walale wiki nzima melini na kutazama kobe, ndege na mijusi. Pengine ulijiuliza: kwa nini wasijengewe hoteli huko huko waliko wanyama? Makala hii inaeleza jinsi safari hizo zinavyoendeshwa katika visiwa vya Galápagos, kwa nini zina masharti makali, na nani anafaidika nazo.

Visiwa hivi viko wapi?

Galápagos ni sehemu ya nchi ya Ekuador. Viko katika Bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Amerika ya Kusini. Kuna visiwa vikubwa 13 na vidogo vingi. Mstari wa ikweta, ule ule unaopita Nanyuki nchini Kenya, unapita hapo pia. Hata hivyo, mikondo ya maji baridi huipoza bahari ya huko kiasi kwamba pengwini wanaweza kuishi.

Visiwa hivi vilitokana na volkano zilizoinuka kutoka chini ya bahari, na havijawahi kuungana na bara. Wanyama walifika kwa kuruka, kuogelea au kuelea juu ya magogo. Hawakukuta simba wala chui, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kujifunza woga. Mpaka leo simba-bahari hulala ufukweni bila kujali mtu anayepita karibu. Kuna iguana, mjusi mkubwa anayepiga mbizi kula mwani, na ndiye mjusi pekee duniani anayejitafutia chakula baharini. Kuna pia mnandi aliyepoteza uwezo wa kuruka. Mwingereza Charles Darwin alifika hapo mwaka 1835, na aliyoyaona yalimsaidia baadaye kueleza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi.

Lakini kutoogopa watu kuliwaponza wanyama hao. Katika karne ya 18 na ya 19, mabaharia na wawinda nyangumi walikuwa wakipakia kobe wakubwa wakiwa hai, kwa sababu kobe anaweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji. Alikuwa akiba ya nyama. Leo kobe wakubwa wa porini wamebaki kwa asili yao mahali pawili tu duniani: Galápagos, na Aldabra katika Ushelisheli. Wale wanaoonekana kisiwani Changuu, Zanzibar, asili yao ni Ushelisheli.

Kwa nini meli, tena ndogo?

Mwaka 1959 Ekuador ilitangaza Galápagos kuwa hifadhi ya taifa. Hifadhi hiyo inachukua karibu asilimia 97 ya ardhi yote. Wakazi, ambao ni takribani 30,000, wanaishi kwenye sehemu ndogo iliyobaki, katika visiwa vinne: Santa Cruz, San Cristóbal, Isabela na Floreana.

Visiwa vingine havina nyumba wala duka, na maji ya kunywa ni ya shida. Kwa hiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, meli ndiyo imekuwa hoteli ya mgeni. Mgeni ana chumba chake na bafu, anapikiwa, na usiku akiwa amelala meli inasafiri. Kukipambazuka, anajikuta mbele ya kisiwa kingine.

Meli hairuhusiwi kubeba abiria zaidi ya 100. Nyingi hubeba 16 tu, kwa sababu sheria inataka kila kundi la wageni wasiozidi 16 liwe na kiongozi mwenye leseni ya hifadhi.

Siku moja ya safari

Asubuhi wageni hushuka kutoka melini na kuingia kwenye boti ndogo. Boti hizo huko huitwa “panga”, jina ambalo halina uhusiano na panga letu la kufyekea. Kushuka pwani ni kwa namna mbili. Kuna kushuka kukavu, pale penye gati au mwamba, na kushuka kwa maji, ambapo mtu huvua viatu na kutembea majini hadi ufukweni.

Baada ya hapo kundi hufuata njia iliyowekewa vigingi. Hakuna anayeruhusiwa kutoka nje ya vigingi hivyo. Mtu akae angalau mita 2 kutoka kwa mnyama. Hakuna kugusa, kulisha, wala kumulika kwa mwanga wa kamera. Vyakula haviteremshwi. Watu wakirudi melini, viatu huoshwa. Ikifika saa kumi na mbili jioni, wageni wote wawe wameshaondoka kisiwani.

Nahodha naye hajiamulii pa kwenda. Hifadhi ndiyo inayopanga meli ipi itashuka wapi, siku gani, asubuhi au mchana. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2012, meli hairudi kwenye eneo lile lile ndani ya siku 14. Mfugaji anayehamisha ng’ombe ili nyasi zipumzike ataielewa hesabu hii haraka.

Mbuzi watatu wa Pinta

Kwa nini viatu vioshwe? Mwaka 1959 wavuvi waliacha mbuzi watatu katika kisiwa cha Pinta, wapate nyama watakaporudi. Katika miaka michache mbuzi hao wakawa maelfu kwa maelfu, wakala majani mpaka kisiwa kikawa kitupu. Kobe wa Pinta walikuwa tayari wamepunguzwa sana na mabaharia. Mwaka 1971 alipatikana mmoja tu, dume aliyepewa jina la George. Alikufa mwaka 2012 bila kuacha mtoto, na ukoo wake ukaishia hapo.

Katika visiwa vya Isabela na Santiago ilibidi mbuzi wawindwe kwa helikopta. Walipobaki wachache waliojificha, wawindaji waliwafunga baadhi ya mbuzi kola zenye kifaa cha redio na kuwaachia. Mbuzi hapendi kukaa peke yake, hivyo aliwaongoza hadi kwa wenzake. Kazi hiyo iliisha mwaka 2006, na mbuzi zaidi ya 100,000 walikuwa wameondolewa.

Si mbuzi peke yake. Mpera, ambao kwetu ni mti wa kawaida wa matunda, huko umesambaa na kubana miti ya asili. Kuna pia nzi wa kigeni ambaye mabuu yake hunyonya damu ya vifaranga viotoni. Mbegu au wadudu wanaweza kusafiri ndani ya mzigo au kwenye tope la kiatu, ndiyo maana mizigo ya wageni hukaguliwa kabla ya kuingia visiwani.

Nani anafaidika?

Tangu Agosti 2024, mgeni mtu mzima kutoka nchi nyingi hulipa kiingilio cha dola 200. Kabla ya hapo kilikuwa dola 100. Fedha hizo husaidia kuendesha hifadhi, na sehemu yake huenda kwa mamlaka za visiwa hivyo.

Hata hivyo malalamiko yapo. Mgeni wa melini anakula na kulala humo humo, hivyo mwenye duka au mgahawa mjini haoni pesa nyingi kutoka kwake. Wavuvi nao waliingia kwenye mgogoro mkubwa na hifadhi miaka ya 1990, walipozuiwa kuvuna majongoo bahari wapendavyo. Sheria ya mwaka 1998 ilijaribu kuleta suluhu: meli kubwa za uvuvi zikapigwa marufuku ndani ya hifadhi ya bahari, na haki ya kuvua ikabaki kwa wavuvi wadogo wa visiwani.

Idadi ya meli imedhibitiwa, lakini idadi ya wageni haikusimama. Mwaka 2018 walifika zaidi ya 270,000, na wengi wao hawakulala melini bali katika hoteli na nyumba za wageni mijini. Jambo hilo limewapa wenyeji kipato. Papo hapo limeongeza taka, matumizi ya maji na mizigo inayoletwa kutoka bara.

Meli zenyewe nazo zina hatari. Januari 2001 meli ya mafuta iitwayo Jessica ilipanda mwamba karibu na San Cristóbal na mafuta yakamwagika. Sehemu ya shehena hiyo ilikuwa ya kuendeshea meli ya watalii. Upepo na mikondo vilisukuma mafuta mengi mbali na pwani, lakini watafiti waligundua baadaye kwamba iguana wengi wa kisiwa cha Santa Fe walikufa ndani ya mwaka mmoja.

Kobe wa Española

Katika kisiwa cha Española walikuwa wamebaki kobe 14 tu, majike 12 na madume 2. Walikusanywa kati ya mwaka 1963 na 1974, wakapelekwa Santa Cruz ili wazaane. Dume wa tatu, Diego, aliletwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Mwaka 2020 kobe hao wazee walirudishwa kwao. Wakati huo watoto wao wapatao 2,000 walikuwa wameshaachiwa kisiwani.

Meli za watalii hutia nanga Española mara kwa mara. Wageni hushuka kutazama albatrosi na iguana wa pwani, kisha hurudi melini. Kobe wako ndani zaidi, mahali ambapo hakuna njia iliyofunguliwa kwa wageni.