Maneno ya Idi Amin na Julius Nyerere katika Vita vya Kagera

Vita vya Kagera (1978–1979) kati ya Uganda na Tanzania vilipiganwa pia kwa maneno. Rais Idi Amin wa Uganda alitumia mzaha na majigambo. Rais Julius Nyerere wa Tanzania alijibu kwa hotuba ambayo bado inakumbukwa nchini mwake.

Chanzo

Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Nyerere alikataa kumtambua na akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Mwaka 1972 Amin alimpelekea Nyerere telegramu akisema anampenda sana, na kwamba angefikiria kumuoa kama angekuwa mwanamke, ingawa kichwa chake kimejaa mvi.

Mzaha wa Amin

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda lilivamia eneo la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,800 hivi. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Redio yake ilijigamba kuwa limetekwa kwa dakika 25 tu. Baadaye Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, alipendekeza vita viamuliwe ulingoni kati yake na Nyerere, mwamuzi akiwa Muhammad Ali. Alisema yuko tayari kupigana mkono mmoja ukiwa umefungwa.

Magazeti ya nje yalizipenda habari hizo. Lakini mzaha ulikuwa na kazi yake: uvamizi wa nchi ulionekana kama ugomvi wa wanaume wawili, na mvamizi akaonekana mchekeshaji. Wakati huohuo raia wa Kagera waliuawa, nyumba zilichomwa na mifugo iliporwa.

Hotuba ya Nyerere

Nyerere hakujibu utani kwa utani. Katika hotuba yake ya tarehe 2 Novemba 1978, iliyotangazwa na redio, alieleza kwamba Watanzania wamebaki na kazi moja tu, kumpiga Amin: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Aliwaomba pia marafiki waliotaka suluhu waache maneno hayo.

Nguvu ya sentensi hiyo iko katika wepesi wake. Haina neno gumu, na mtu aliyeisikia mara moja aliweza kuirudia nyumbani. Ndiyo maana bado inasikika Tanzania, mara nyingi kwa mambo yasiyohusu vita kabisa. Katika miezi hiyo Amin aliitwa "nduli", yaani muuaji katili, jina lililomwondolea sura ya mchekeshaji.

Baada ya vita

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudia, alikofariki mwaka 2003.

Kwa Tanzania gharama zilikuwa kubwa. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Safari hii maneno yake hayakutimia: miezi hiyo ilipita, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 watu walikuwa bado wanapanga foleni kutafuta sukari na sabuni.