Msaada wa Fedha Taslimu kwa Kaya za Vijijini

Msaada wa fedha taslimu ni utaratibu wa kumpa mhitaji pesa mkononi, badala ya kumpelekea unga, mbegu au mablanketi yaliyochaguliwa na mtu mwingine. Anayepokea ndiye anayeamua zitumike wapi. Mipango mingine huweka masharti, kwa mfano watoto wahudhurie shule na kliniki. Mingine haina sharti lolote. Mexico ilianzisha mpango wake mkubwa wenye masharti mwaka 1997, na Brazil ikaja na Bolsa Família mwaka 2003. Pesa zisizo na masharti, hata hivyo, zimefuatiliwa kwa miaka mingi hadi ndani ya nyumba za watu katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Viktoria.

Shirika la GiveDirectly lilianza kutuma pesa huko Rarieda, sehemu ya kaunti hiyo, mwaka 2011. Kigezo cha kupata kilikuwa kimoja na chepesi kuonekana: paa. Mwenye nyumba ya nyasi aliandikishwa, mwenye bati aliachwa. Pesa zilipita kwenye simu kupitia M-Pesa, huduma ambayo wakati huo ilikuwa na miaka minne tu. Katika awamu kubwa iliyofuata, kati ya 2014 na 2017, utafiti ulihusisha vijiji 653, na zaidi ya kaya 10,000 zikapata shilingi 87,000 za Kenya kila moja. Zilianza kuingia 7,000, miezi miwili baadaye 40,000, na baada ya miezi sita mingine 40,000 za mwisho. Jumla yake ilikaribia robo tatu ya matumizi ya kawaida ya kaya kwa mwaka mzima.

Kitu cha kwanza ambacho mpita njia hukiona ni bati. Mtu asiyewahi kulala chini ya paa la nyasi linalovuja anaweza kudhani ni pambo. Nyasi huoza. Lazima zizibwe kila mara, na siku hizi nyasi zenyewe hununuliwa. Usiku wa mvua kubwa watoto huamshwa, mkeka ukasogezwa penye ukavu, sufuria ikategwa chini ya tundu, na kesho yake wanasinzia darasani. Bati likishapigwa misumari, gharama ya kuezeka upya kila mara inakwisha. Ukitega mfereji ukingoni mwa paa na pipa chini yake, masika yanakuletea maji mlangoni, na safari ya alfajiri ya kwenda mtoni na ndoo kichwani inaachwa hadi kiangazi.

Mabadiliko ya jikoni hayaonekani kutoka barabarani, lakini yalipimwa katika utafiti wa mwanzo wa Rarieda. Kaya zilizopokea zilikula vizuri zaidi na zikapunguza siku za kulala na njaa. Zilinunua mifugo. Pombe na tumbaku, hofu ya kwanza ya kila anayesikia habari ya pesa za bure, hazikuongezeka. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifika mbali zaidi: walichukua mate ya wanakijiji wakapima kotisoli, homoni inayopanda mtu anapoelemewa na mawazo. Waliopata kiasi kikubwa walikuwa nayo kidogo kuliko waliopata kiasi kidogo. Kipigo cha wanawake majumbani nacho kilipungua, iwe pesa ziliingia kwenye simu ya mke au ya mume.

Kinachogusa moyo zaidi ni habari za watoto wachanga. Utafiti uliotolewa mwaka 2025, uliorudi kwenye vijiji vilevile vya Siaya, ulionyesha kwamba katika kaya zilizopata pesa vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48, na vya walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 45. Hakuna aliyewapelekea dawa mpya wala kuwajengea hospitali. Kilichotokea ni kwamba mama alikuwa na nauli ya kumfikisha hospitali uchungu ulipoanza, na akiba ya kulipa huko. Tena wanawake walipunguza kazi karibu nusu katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ile ya mwanzo baada ya kujifungua. Yule ambaye angekuwa shambani na jembe, mimba ikiwa ya miezi minane, alipumzika. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokaa karibu na kituo chenye daktari, jambo linaloonyesha kuwa pesa haichukui nafasi ya hospitali. Inamwezesha mtu kuifikia.

Majirani ambao hawakupewa je? Hapa matokeo yaliwashangaza hata wachumi. Kila dola moja iliyoingia ilizalisha takribani dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile, kwa sababu fundi paa, muuza omena, mwenye kinu cha kusaga na mwendesha bodaboda wote walipata wateja. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Hata hivyo si kila kitu kilikuwa shwari. Katika utafiti wa mwanzo wa Rarieda, waliorukwa waliridhika kidogo na maisha yao walipowaona wenzao wakiinuka, na hilo mtu wa kijijini hahitaji kuelezwa.

Pesa zilikataliwa pia. Mwaka 2015, katika Kaunti jirani ya Homa Bay, karibu nusu ya kaya zilizofikiwa na GiveDirectly zilisema hapana. Uvumi ulisambaa kwamba ni pesa za shetani, au kwamba siku moja zitadaiwa. Hofu hiyo ina mantiki yake: mtu aliyezoea kuombwa kura, ardhi au jasho kwa kila anachopewa ana haki ya kuuliza huyu mgeni anataka nini.

Tanzania ilichukua njia ya masharti kupitia TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Majaribio yalianza mwaka 2010 katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na baadaye mpango wa kunusuru kaya maskini ukaenea nchini hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja. Walengwa walitambuliwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko cha Siaya, kwa hiyo hakikujenga nyumba kwa mkupuo. Hata hivyo, tathmini ya majaribio hayo ilikuta kaya zimeongeza mbuzi na kuku, zimejiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na watoto wao wamevaa viatu. Kiatu kwa mtoto wa kijijini humkinga na minyoo inayopenya nyayoni, na humwondolea aibu ya kusimama pekupeku mstarini shuleni.

Swali linalobaki ni pesa zitolewe vipi: kidogo kidogo au zote kwa mara moja. Huko Rarieda, za kila mwezi zilisaidia zaidi chakula. Za mkupuo zilikwenda kwenye bati na mtaji. Katika jaribio jingine kubwa la Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet, watu wazima wa vijiji kadhaa waliahidiwa kama shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12. Wengi waligeuza hizo kidogo kidogo kuwa mkupuo wao wenyewe kwa kucheza upatu: kila mmoja anachanga, zamu yako ikifika unachukua zote unafungua kibanda. Uvivu uliotabiriwa haukuonekana. Watu waliacha vibarua wakajiajiri.

Wanaopanga mipango hii wanapaswa kukumbuka jambo moja kutoka Siaya. Malipo yalipokwisha, vifo vya watoto wachanga vilirudi karibu na pale vilipokuwa mwanzo. Bati lilibaki juu ya nyumba, lakini mjamzito wa mwaka uliofuata alirudi shambani na jembe lake.