Mguu Umegoma na Trials Ziko Karibu? Soma Hii Kwanza

Msee wa 800 na 1500, hii ni yako. Iwe unapiga tizi Kitale na ile baridi ya asubuhi, ama unazunguka uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, ukikimbia miaka ya kutosha kuna siku mguu utagoma. Na kawaida hugoma wiki mbili kabla ya trials.

Trans Nzoia sai kila mtu anaongea Emmanuel Wanyonyi, na anastahili. Kijana alichunga ng'ombe huku, akaenda Paris 2024 akachukua dhahabu ya mita 800 kwa 1:41.19 akiwa na miaka 20 pekee. Lakini ukitaka kujua majeraha hufanyia mkimbiaji nini, soma maisha ya David Rudisha.

Rudisha aliumia akakosa Olimpiki ya Beijing 2008. Agosti 2010 akavunja rekodi ya dunia mara mbili ndani ya wiki moja, halafu London 2012 akaweka ile 1:40.91 ambayo haijaguswa mpaka leo. Mwaka uliofuata goti likamtoa, Mashindano ya Dunia ya Moscow akayatazama tu. Aliporudi Eugene mwezi wa Mei 2014, bingwa wa Olimpiki alimaliza nambari 7. Glasgow mwaka huo huo Nijel Amos wa Botswana akampita. Watu wakasema amekwisha. Dhahabu ya dunia ilirudi 2015, ya Olimpiki ikaja tena Rio 2016. Hesabu mwenyewe: toka goti liharibike hadi awe bingwa tena ni kama miaka miwili, na huyo ni mtu aliyekuwa na kocha, madaktari na doo. Wewe unataka kurudi kwa siku kumi?

2017 paja likamkatalia, na hajawahi kurudi kushindana. 2019 akapata ajali ya gari, 2020 akajikwaa akavunjika kifundo cha mguu. Noah Ngeny naye, aliyemshinda El Guerrouj kwa 1500 Sydney 2000, aliumia mgongo kwa ajali ya gari 2001 na hakuwa yule yule tena. 2006 akastaafu. Kwa hivyo nduthi ya usiku bila helmeti pia ni hatari ya kazi yako.

Sasa tuje kwa mguu wako. Bonyeza mfupa wa muundi na kidole kimoja. Maumivu yakisambaa sehemu ndefu, mara nyingi ni mfupa umechoshwa tu: punguza kilomita, toka kwa lami, angalia viatu. Yakiwa pahali pamoja padogo kama sarafu, na yanakuamsha usiku, shuku ufa kwa mfupa. Hapo simama kabisa. Usidanganywe na eksirei safi, kwa sababu wiki za kwanza ufa unaweza kukosa kuonekana. Ufa wa muundi unataka wiki 6 hadi 8 hivi, wakati mwingine zaidi. Baiskeli na kuogelea vitakusaidia usipoteze pumzi.

Dada zetu, sikizeni hapa. Ukikosa hedhi miezi mitatu, hiyo si ishara ati umekuwa fiti. Ni mwili unakwambia chakula hakitoshi tizi unayopiga, na mifupa ndiyo italipa. Ugali na mboga pekee haitoshi, ongeza maziwa, maharagwe, mayai, na umwone daktari.

Kano ya kisigino ikiuma asubuhi ukitoka kitandani, kuna zoezi la bure ambalo Msweden Håkan Alfredson alilipa umaarufu 1998. Simama kwa ngazi na sehemu ya mbele ya mguu, shusha kisigino polepole, jiinue na ule mguu mzima. Mara 15, seti 3, goti likiwa limenyooka, halafu tena likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Inaboesha, najua.

Kitu kimoja kinamaliza vijana wetu kushinda majeraha yenyewe: sindano ya haraka. Mtu anakwambia kuna dawa ya goti, kesho unakimbia. Nyingi za hizo ni za jamii ya kotikosteroidi, na tangu 1 Januari 2022 kuzidunga wakati wa mashindano kumepigwa marufuku bila kujali umedungwa wapi. Kuna Wakenya wamefungiwa kwa sababu ya triamcinolone. Uliza jina la dawa kabla sindano haijaingia, liandike, na kama daktari anasema huwezi kukosa, omba kibali cha matibabu kupitia ADAK mapema. Ukisema hukujua, bado utafungiwa.

Ukirudi, anza na kutembea nusu saa bila maumivu, kisha jog ya dakika moja na kutembea dakika moja. Spaiki na mbio za kasi ziwe za mwisho. Kama uko Kitale, kumbuka uko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ukishuka Bungoma, kama mita 1,400, pumzi itakuja rahisi na utajiskia umepona. Mapafu ndiyo yamepata afueni. Mfupa bado unahesabu wiki zake.